Karibu ya Mwalimu wa Hisabati: Lugha ya Kuwapokea Wanafunzi na Wazazi katika Sekondari Msingi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha anayoitumia mwalimu wa hisabati anapowapokea wanafunzi wa Gredi ya 7, pamoja na wazazi na walezi wao, katika mkutano wa kwanza wa mwaka. Hoja kuu ni kwamba makaribisho hayakamiliki kwa maamkizi. Mkutano unaofunguliwa kwa Kiswahili kisha ukahamia Kiingereza punde tu hisabati yenyewe inapotajwa humketisha mzazi barazani na kumfungia mlango wa ndani. Makala yanaonyesha kuwa Kiswahili kina sajili ya hisabati inayotosha kazi hii, na kwamba sarufi yake, hasa viambishi vya njeo na hali, humpa mwalimu nyenzo za kuzungumzia maendeleo ya mtoto bila kumvunja moyo. Mfano wa hotuba umetungwa na kuchanganuliwa, na vikwazo vinavyoweza kujitokeza vimejadiliwa.

1.0 Utangulizi

Kundi la kwanza la wanafunzi wa Mtaala wa Umilisi nchini Kenya liliingia Gredi ya 7 mnamo Januari 2023. Kiwango hiki, kinachojulikana kama Sekondari Msingi, huchukua miaka mitatu, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, na hisabati ni somo la lazima kwa kila mwanafunzi. Kwa mzazi aliyepitia mfumo wa 8-4-4, mabadiliko haya si madogo. Yeye alizoea mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, ambao katika miaka yake ya mwisho matokeo yake yalijumlishwa kuwa alama moja isiyozidi 500. Alama ile ilieleweka hata na bibi asiyejua kusoma. Leo mzazi huyo hupokea ripoti inayomweleza kiwango ambacho mtoto wake amefikia kwa kulinganishwa na matarajio, na mara nyingi ripoti yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza.

Uzito wa jambo hili huonekana mwishoni mwa Gredi ya 9. Hapo mwanafunzi huelekezwa kwenye mojawapo ya mikondo mitatu ya Sekondari ya Juu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Kundi la kwanza lilijiunga na Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Mzazi anatarajiwa kumshauri mwanawe kuhusu uteuzi huo. Atamshauri vipi ikiwa kwa miaka mitatu hakuna aliyemweleza, kwa lugha anayoielewa, mtoto anajifunza nini katika hisabati na amefika wapi?

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Sera ya lugha katika elimu, kwa upande wake, inakifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia kuanzia Gredi ya 4. Makala haya hayanuii kuujadili upya uamuzi huo. Yanajihusisha na mkutano wa mwalimu na familia, ambao si kipindi cha darasani na haufungwi na sera ya kufundishia. Hapo mwalimu ana uhuru wa kuchagua lugha.

2.0 Sajili ya Hisabati

Wanafunzi wa isimujamii wanalifahamu jina la M.A.K. Halliday. Ni vyema wajue pia kwamba dhana yake ya sajili ya hisabati ina uhusiano na jiji la Nairobi. Mnamo Septemba 1974, UNESCO ilidhamini kongamano jijini humo kuhusu uhusiano wa isimu na ufundishaji wa hisabati, na ni katika kongamano hilo Halliday aliifafanua dhana hiyo. Kwa muhtasari, alisisitiza kwamba sajili haiundwi na maneno peke yake. Ni jumla ya maana zinazohitajika katika uwanja fulani, pamoja na maneno na miundo inayozibeba maana hizo. Alieleza pia kuwa lugha yoyote inaweza kuikuza sajili hiyo kwa njia mbalimbali, zikiwemo kuyapa maneno ya kawaida maana mpya, kuunda maneno kutokana na mizizi iliyopo, na kukopa.

Kiswahili kimezitumia njia hizi zote. Baada ya Tanzania kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka wa 1967, istilahi za hisabati zilihitajika vitabuni na madarasani. Baadhi zilipatikana kwa kulipa neno la kawaida maana mpya. Namba isiyogawika isipokuwa kwa moja na kwa yenyewe iliitwa namba tasa, kana kwamba haikujaliwa uzao. Nyingine zilinyambuliwa: kutokana na kitenzi gawa tulipata gawanya, gawika, kigawo na kigawe. Nyingine zilikuwemo tayari kutokana na Kiarabu, kama vile sifuri, nusu, robo, mraba, shufwa na witiri. Nyingine zilitoholewa baadaye, mathalani desimali na jiometria.

Mwanafunzi wa fasihi atagundua kwamba baadhi ya maneno haya anayajua kutoka uwanja wake mwenyewe. Shairi lisilozingatia arudhi huitwa guni, na sehemu ambayo kiasi chake kimeizidi asili yake, kama tano juu ya tatu, huitwa sehemu guni. Vivyo hivyo, tarbia yenye mizani 16 katika kila mshororo ina mizani 64 katika ubeti mmoja, na mwalimu wa ushairi anayeihesabu anafanya hisabati bila kuitaja.

3.0 Maana ya Kukaribisha

Neno karibu lina kazi mbili katika Kiswahili. Ni kielezi cha umbali, na ni tamko la kumpokea mgeni. Kukaribisha, basi, ni kumfanya mtu awe karibu, kuupunguza umbali uliopo. Katika utamaduni wa Waswahili tendo hili lina hatua zake. Mgeni hubisha hodi na kungoja. Mwenyeji huitikia, humpokea mzigo, humketisha, humjulia hali yeye na waliobaki nyumbani, kisha humkirimu kwa alicho nacho. Hatua moja ikirukwa mgeni huhisi. Mwenyeji akiishia kwenye neno karibu tu, mgeni huondoka na njaa yake.

Mkutano wa wazazi unaweza kupimwa kwa hatua hizi. Mzigo anaokuja nao mzazi wengi hawauoni, ingawa ni mzito: ni kumbukumbu yake mwenyewe ya somo la hesabu. Wazazi wengi hutamka waziwazi, na mtoto akiwa kando yao, kwamba hata wao hesabu iliwashinda. Kauli hiyo hutolewa kama mzaha, lakini mtoto huisikia kama urithi. Mwalimu anayempokea mzazi mzigo wake huanza kwa kuonyesha kwamba kushindwa na mtihani wa zamani si sawa na kutojua hesabu, kwa kuwa mzazi huyo huyo hupiga hesabu kila siku sokoni, shambani na katika chama.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huufanya ujio wa mgeni kuwa faida kwa mwenyeji. Katika muktadha wa shule, mzazi ndiye ajuaye mtoto hulala saa ngapi, humsaidia nani dukani, na huogopa nini. Mwalimu anayezungumza saa nzima bila kumuuliza mzazi lolote amemkaribisha mgeni na kukataa uponyo wake.

4.0 Lugha ya Makaribisho

4.1 Maamkizi na Nafsi

Familia zinazohudhuria mkutano si baba na mama pekee. Huja nyanya, shangazi, mjomba, kaka mkubwa, wakati mwingine jirani. Ndiyo maana wazazi na walezi ni kiitishi kinachofaa zaidi kuliko wazazi peke yake. Mwalimu kijana anapozungumza na wazee, maamkizi ya heshima yanayokubalika katika eneo husika hutangulia. Katika pwani, kijana asiyetoa shikamoo kwa mkubwa wake ameshaharibu mkutano kabla haujaanza. Kumwita mzazi Mama Amina au Baba Otieno, kwa jina la mtoto aliyemleta shuleni, humtambulisha kwa uhusiano wake na mwanafunzi, na hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwake pale.

Vimilikishi navyo vina uzito. Mwalimu anayesema watoto wenu hawafanyi mazoezi amechora mstari kati yake na wasikilizaji, na lawama ameiweka upande wa pili. Akisema watoto wetu wanahitaji mazoezi zaidi, kazi imekuwa ya wote. Hata hivyo, umoja huo usiwe wa maneno tu. Kimilikishi -etu kikifuatwa na orodha ya majukumu ya mzazi peke yake, msikilizaji hung'amua kuwa kilikuwa pambo.

4.2 Njeo ya Matumaini

Kiswahili hutofautisha haelewi na hajaelewa. Kauli ya kwanza hueleza hali ya mtu kana kwamba ndivyo alivyo. Ya pili, kwa kiambishi -ja-, hueleza tendo ambalo halijatimia lakini linatarajiwa. Mwalimu anayemwambia mzazi, “Juma hajui kugawanya,” amempa hukumu. Anayesema, “Juma hajajua kugawanya namba zenye desimali,” ametaja mahali hasa pa ugumu, na ameuacha mlango wazi. Tofauti ni ya silabi moja, lakini mtoto aliyeketi kando ya mama yake atayachukua maneno hayo hadi nyumbani.

Hali ni hiyo hiyo kwa sentensi za masharti. “Angalijitahidi angalifaulu” humaanisha hakujitahidi na hakufaulu, na mambo yamekwisha. “Akijitahidi atafaulu” huelekeza macho mbele. Mwalimu mwenye kauli za -ngali- nyingi huzungumza kuhusu mwaka uliopita. Mwenye kauli za -ki- huzungumza kuhusu kazi iliyopo. Ifahamike kwamba uteuzi huu si njia ya kuuficha ukweli. Hajajua bado ni kauli ya kukanusha, na mzazi ataelewa kwamba kuna kazi ya kufanywa.

Viwango vya tathmini katika Mtaala wa Umilisi vinaoana na wazo hili. Miundo ya mtaala wa Kiswahili hutumia maneno kama kuzidisha matarajio, kufikisha matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Tazama kwamba kukaribia na kukaribisha ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto anayekaribia matarajio yumo njiani, na anahitaji wa kumkaribisha. Mzazi aliyeelezwa hivyo huyaelewa matokeo kuwa umbali unaoweza kupunguzwa, badala ya nafasi katika foleni ya darasa.

4.3 Istilahi na Maneno ya Kawaida

Kuwepo kwa istilahi hakumaanishi kwamba zote zitumiwe mara moja. Mzazi wa Kenya ambaye hakusoma hisabati kwa Kiswahili atatatizika akiambiwa kuhusu Kigawe Kidogo cha Shirika. Hapa busara ya mwalimu inahitajika. Aanze na maneno ambayo mzazi anayo tayari, kama vile jumla, zidisha, toa, gawa, nusu na robo. Istilahi ngumu zaidi aitaje mara moja, aieleze kwa mfano, na kuandika ubaoni jina lake la Kiingereza kando yake, ili mzazi aweze kuitambua daftarini mwa mtoto. Kwa mfano, kigawe kidogo cha shirika kinaelezeka hivi: ikiwa matatu moja huondoka stendi kila baada ya dakika 6 na nyingine kila baada ya dakika 8, na zimeondoka pamoja sasa, zitaondoka pamoja tena baada ya dakika 24.

Baadhi ya istilahi hujieleza zenyewe kwa msemaji wa Kiswahili kuliko kwa msemaji wa Kiingereza. Mlinganyo hutokana na lingana, kwa hiyo umbo la neno lenyewe humkumbusha msikilizaji kwamba pande mbili zimelingana. Wanafunzi wengi huiona alama ya usawa kama amri ya kuandika jibu. Neno mlinganyo hulisahihisha kosa hilo.

4.4 Hesabu za Nyumbani

Mifano bora ya hisabati ya Gredi ya 7 imo katika maisha ya familia. Saa za Kiswahili, ambapo saa moja asubuhi huandikwa 7.00 katika ratiba, humtaka mtoto ajumlishe au atoe sita huku akirudi mwanzo kila afikapo kumi na mbili. Methali ya haba na haba hujaza kibaba imejengwa juu ya kipimo, na vibaba vinne hufanya pishi moja. Katika familia za Kiislamu, mgawanyo wa mirathi hutumia sehemu kwa uangalifu mkubwa: mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumni, na mama wa marehemu hupata sudusi. Ili kuzijumlisha sehemu hizo mbili ni lazima ipatikane asili moja, nayo ni ishirini na nne. Thumni ni tatu juu ya ishirini na nne, sudusi ni nne juu yake, na jumla ni saba. Mzee aliyewahi kushuhudia mirathi ikigawanywa anaweza kumfundisha mjukuu wake sehemu hata kama hakuwahi kuketi katika darasa la hisabati.

5.0 Mfano wa Hotuba

Hotuba ifuatayo imetungwa ili kuonyesha namna kanuni zilizojadiliwa zinavyoweza kutekelezwa. Msemaji ni mwalimu wa hisabati katika eneo la wakulima wa mahindi.

“Wazee wetu, akina mama, akina baba, walezi na wanafunzi, hamjambo? Karibuni sana. Najua mmeacha kazi mashambani na sokoni ili mje hapa, nami nawashukuru. Mimi ndimi mwalimu wa hisabati wa Gredi ya 7. Huenda wapo hapa waliochapwa kwa sababu ya hesabu. Leo hakuna mtihani. Nataka tupige hesabu moja pamoja.

“Gunia la mahindi lina kilo 90. Gorogoro tuifanye kuwa ya kilo 2. Gunia moja litatoa gorogoro ngapi? Naam, 45. Sasa, Mama Chebet ameuza gorogoro kadhaa, hakutuambia ngapi, lakini nyumbani zimebaki 30. Ameuza ngapi? Mmejibu haraka: 15. Mmejuaje? Mmetoa 30 katika 45. Watoto wetu wataiandika hivi: x jumlisha 30 ni sawa na 45. Hiyo x isiwatishe. Ni jina la zile gorogoro ambazo Mama Chebet hakuzitaja. Kazi hii huitwa mlinganyo, na mmeifanya bila kalamu.

“Ninawaomba jambo moja. Jioni, mwulize mtoto: leo umejifunza nini, na umejuaje kuwa jibu lako ni sahihi? Mwache akueleze kwa lugha mnayoitumia nyumbani. Akikwama, usimwambie hajui. Mwambie hajajua bado, kisha aniletee swali hilo kesho. Sasa nataka kuwasikiliza. Kuna jambo gani kuhusu mtoto wako ambalo ningepaswa kulijua?”

Hotuba hii haina ufundi wa kipekee, na ndiyo sababu imeteuliwa. Mzigo wa mzazi umepokewa katika kauli ya waliochapwa. Hisabati imefanywa hadharani, na wazazi ndio waliotoa jibu, tena mbele ya watoto wao. Istilahi moja tu imetolewa, baada ya dhana kueleweka. Ombi kwa mzazi halimhitaji ajue aljebra. Linamhitaji aulize na asikilize. Mtoto anayeeleza kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama alichofundishwa kwa Kiingereza hulazimika kukielewa, kwa sababu hawezi kujificha nyuma ya maneno aliyoyakariri. Mwishowe, mwalimu amenyamaza ili aponywe na mgeni.

6.0 Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni mwalimu mwenyewe, ambaye alisomea hisabati kwa Kiingereza tangu shule hadi chuo. Huenda anakizungumza Kiswahili vizuri bila kujua kusema kipeuo cha pili. Dawa yake haiko mbali, kwani katika shule hiyo hiyo yupo mwalimu wa Kiswahili. Orodha ya maneno thelathini iliyoandaliwa na wawili hao kabla ya mkutano inatosha kuanzia.

Kikwazo cha pili ni kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya Wakenya wengi, na wapo wazee wasiokijua. Hapo ni vyema atafutwe mkalimani mtu mzima. Desturi ya kumfanya mtoto awe mkalimani katika kikao kinachomjadili yeye mwenyewe ina madhara. Humpa mtoto uwezo wa kuchuja habari zake, na humvunjia mzazi heshima mbele ya mwanawe.

Kikwazo cha tatu ni mtazamo. Wapo wazazi watakaodhani kwamba mwalimu anayeeleza hisabati kwa Kiswahili hakijui Kiingereza, au anawadharau. Mwalimu anaweza kuuondoa wasiwasi huu kwa kueleza wazi kuwa darasani na katika mtihani lugha ni Kiingereza, na kwamba Kiswahili kinatumiwa mkutanoni ili kila aliyekuja aondoke na kitu mkononi.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba lugha ya kuwakaribisha wanafunzi na familia ni sehemu ya ufundishaji wa hisabati, na kwamba Kiswahili kinaiweza kazi hiyo kwa istilahi, kwa sarufi na kwa utamaduni wake. Jukumu la wanafunzi wa Kiswahili vyuoni ni la wazi. Wengi wao watakuwa walimu katika shule ambazo mwalimu wa hisabati yumo chumba kimoja nao, mezani pa pili. Wakibaki na tashbihi na sitiari zao, na mwenzao akibaki na milinganyo yake, mzazi ataendelea kutia sahihi ripoti asiyoielewa. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu maneno ambayo wazazi wa maeneo mbalimbali ya Kenya huyatumia kwa dhana za hisabati, ili istilahi zitakazopendekezwa zitokane na vinywa vya watu kabla ya kuingia vitabuni.

Maswali ya Mjadala

1. Fafanua tofauti ya kimaana kati ya “hawezi”, “hajaweza” na “hakuweza” katika kuripoti maendeleo ya mwanafunzi.

2. Kwa kutumia mizizi ya Kiswahili, jadili uundaji wa istilahi tano za hisabati. Ni zipi zinazojieleza, na ni zipi zinazohitaji kuelezwa?

3. Andaa makaribisho ya dakika tano ya mwalimu wa hisabati kwa familia za wavuvi au wachuuzi, ukiteua hesabu moja kutoka katika kazi yao.